PENDEKEZO LA KUUZA NA KUTENGULIWA KWAKE: MFANO WA BIASHARA YA MTONI BARUMBU

1.0 Utangulizi

Waswahili husema ahadi ni deni. Sheria za biashara haziafikiani na methali hiyo katika kila hali. Ziko ahadi ambazo mfanyabiashara anaweza kuzifuta bila kudaiwa chochote, na ziko nyingine ambazo akishazitoa hana tena uwezo juu yake, hata kama bei ya bidhaa imepanda siku ya pili. Makala haya yanachunguza mpaka uliopo baina ya aina hizo mbili. Swali lenyewe ni hili: mfanyabiashara aliyetamka kwamba yuko tayari kuuza bidhaa fulani kwa bei fulani anaruhusiwa mpaka lini kulirudisha neno lake?

Swali hilo linajadiliwa hapa kwa mfano wa Barumbu, mahali palipo ukingoni mwa mto Kongo katika eneo la Basoko, mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka Kisangani kwenda huko ni safari ya takriban kilomita 200 kwa kufuata mto. Chumvi, sabuni na nguo huteremka kutoka Kisangani. Mpunga, mawese na samaki wa kukaushwa hupanda kwenda mjini. Mtumbwi na boti ya mbao, ambayo wenyeji huiita baliniere, ndizo njia kuu za kuchukulia mizigo, watu na barua. Katika biashara ya namna hii neno la muuzaji na jibu la mnunuzi hutenganishwa na siku kadhaa za maji, na ndani ya siku hizo mambo mengi huweza kubadilika. Ndiyo maana suala la kutengua pendekezo lina uzito mkubwa zaidi mtoni kuliko sokoni, ambako watu wawili hupatana bei wakiwa wametazamana.

2.0 Istilahi

Kabla ya kuingia katika sheria yafaa kuweka wazi maneno yanayotumika. Lugha ya sheria nchini Kongo ni Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, lakini amri na hukumu haziandikwi kwa Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba wafanyabiashara huafikiana kwa lugha moja na kushtakiana kwa nyingine. Neno lisilokuwa na mpaka dhahiri katika lugha ya kwanza huweza kupewa maana isiyotarajiwa katika lugha ya pili.

Pendekezo la kuuza ni kauli inayotaja bidhaa, kiasi chake na bei yake, au inayoonyesha namna ya kuvijua viwili hivyo vya mwisho, na ambayo mtoaji wake anakusudia imfunge iwapo mwenzake atakubali. Wasomaji waliozoea fikihi watalitambua kwa jina la ijabu, ambayo hufuatwa na kabuli, yaani jibu la kukubali. Katika maduka ya leo neno ofa limeenea, lakini lina kasoro: mara nyingi humaanisha punguzo la bei tu. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno pendekezo.

Pendekezo sharti litofautishwe na mwaliko. Mwenye duka anayepaza sauti kwamba ana chumvi nzuri na bei ni ya kuelewana hajapendekeza kitu. Amewaalika watu waje kupatana naye. Hakuna cha kutengua hapo, kwa kuwa hakuna kilichofungwa.

Vitenzi navyo vinahitaji kupambanuliwa. Kuondoa pendekezo ni kulizuia kabla halijamfikia mlengwa, au wakati uleule linapomfikia. Kutengua pendekezo ni kulifuta baada ya kumfikia lakini kabla mkataba haujafungwa. Kuvunja mkataba ni kukataa kutimiza jambo ambalo limekwisha kukubaliwa na pande zote mbili. Waandishi wengine hupenda kutumia kitenzi kutangua badala ya kutengua. Maana zake zinakaribiana, ila hali ya kutendwa ya kutangua ni kutanguliwa, ambayo hushabihiana kabisa na hali ya kutendwa ya kutangulia. Katika maandishi ya kisheria, ambamo kutangulia na kuchelewa kwa barua ndilo jambo linalobishaniwa, mgongano huo wa maumbo waweza kumpotosha msomaji. Kutengua kunafaa zaidi.

3.0 Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Siku ya Jumatatu mfanyabiashara wa jumla wa Kisangani anampelekea mwenye duka wa Barumbu barua kwa boti. Ndani yake ameandika kwamba anamuuzia magunia 200 ya chumvi kwa bei iliyotajwa, na kwamba anangoja jibu mpaka Jumatatu inayofuata. Barua inafika Jumatano. Mwenye duka anaanza kukusanya fedha, anakodi ghala, na anaacha kununua chumvi kwa wachuuzi wengine. Alhamisi bei inapanda mjini. Muuzaji anaandika barua ya pili ya kutengua pendekezo lake, nayo inafika Barumbu Jumamosi asubuhi. Mwenye duka anaisoma, anatikisa kichwa, na jioni ileile anapeleka jibu kwamba amekubali bei ya kwanza. Jibu hilo linafika Kisangani Jumatatu, siku ya mwisho ya muda uliowekwa.

Je, chumvi imeuzwa au haikuuzwa? Jibu hutegemea sheria inayotumika, na pia hutegemea sentensi moja fupi katika barua ya kwanza, ile inayotaja Jumatatu inayofuata.

4.0 Sheria ya OHADA

Kongo ilijiunga na Shirika la Kuoanisha Sheria za Biashara Afrika, lijulikanalo kwa kifupi OHADA, na sheria za shirika hilo zilianza kutumika nchini tarehe 12 Septemba 2012. Shirika lenyewe lilitokana na mkataba uliotiwa saini Port-Louis, Mauritius, tarehe 17 Oktoba 1993. Mauzo ya bidhaa baina ya wafanyabiashara yanatawaliwa na Sheria ya Pamoja ya Biashara kwa Jumla, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1997 na toleo lililorekebishwa lilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010.

Kanuni yake inaweza kugawanywa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni uhuru: pendekezo linaweza kutenguliwa, mradi habari ya kulitengua imfikie mlengwa kabla hajapeleka jibu lake la kukubali. Kinachotazamwa kwa upande wa muuzaji ni kufika kwa habari. Kwa upande wa mnunuzi ni kuondoka kwa jibu. Sehemu ya pili ni kizuizi cha uhuru huo: pendekezo haliwezi kutenguliwa iwapo lenyewe limesema kwamba halitenguliki, au iwapo limeweka muda maalumu wa kulikubali.

Kwa kanuni hiyo mwenye duka wa Barumbu anashinda. Barua ya kutengua ilimfikia kabla hajajibu, na kama ingekuwa sehemu ya kwanza peke yake angekuwa ameshindwa. Lakini muuzaji alikuwa ameweka muda. Kwa kutaja Jumatatu inayofuata alijifunga mwenyewe mpaka siku hiyo ipite, na barua yake ya pili haikuwa na nguvu yoyote. Alichobakiwa nacho ni ama kupeleka chumvi, ama kulipa fidia ya kuvunja mkataba.

Tuseme sasa kwamba sentensi ile haikuwamo. Hapo pendekezo lingeweza kutenguliwa, na barua iliyofika Jumamosi asubuhi ingelifuta kabla ya jibu la jioni. Fedha alizotumia mwenye duka kukodi ghala zingekuwa hasara yake, isipokuwa aweze kuonyesha kwamba muuzaji alitenda kwa hila. Na tuseme tena kwamba mwenye duka alipeleka jibu lake Ijumaa. Hapo barua ya kutengua ingekuwa imechelewa hata bila ya muda kuwekwa, kwa kuwa jibu lilikwisha kuondoka.

Mambo mawili zaidi yanafaa kukumbukwa. Kwanza, kunyamaza si kukubali. Muuzaji anayeandika kwamba asipojibiwa atahesabu bidhaa zimenunuliwa hawezi kumfunga mwenzake kwa maneno hayo peke yake. Pili, mauzo baina ya wafanyabiashara hayalazimiki kuwa ya maandishi, na yanaweza kuthibitishwa kwa njia yoyote, ushahidi wa watu ukiwamo. Nahodha wa boti aliyesikia pendekezo likitamkwa gatini ni shahidi anayekubalika.

5.0 Mkulima na amri ya 1888

Sheria iliyoelezwa hapo juu inahusu mauzo baina ya wafanyabiashara. Mfanyabiashara ni mtu aliyeifanya shughuli ya kununua na kuuza kuwa kazi yake. Mkulima anayeuza mpunga wa shamba lake mwenyewe kwa kawaida hahesabiwi kuwa mfanyabiashara, na vilevile mtu anayenunua gunia moja la chumvi kwa matumizi ya nyumbani. Watu hawa wanabaki chini ya amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotungwa wakati wa Dola Huru ya Kongo kwa kufuata Kanuni ya Kiraia ya Napoleoni ya mwaka 1804 kama ilivyotumika Ubelgiji.

Amri hiyo inasema waziwazi kwamba mkataba unahitaji ridhaa ya anayejifunga, na kwamba mauzo hukamilika pale watu wanapoafikiana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa wala bei haijalipwa. Lakini kuhusu kipindi kilichopo baina ya pendekezo na jibu, amri haikuweka kanuni. Pengo hilo limezibwa na wanasheria na mahakama. Nchini Ufaransa ilishikiliwa kwa muda mrefu kwamba anayetengua pendekezo kabla ya muda aliouweka ametenda kosa, naye hulipa fidia. Nchini Ubelgiji Mahakama Kuu ya Rufani ilikwenda mbali zaidi katika hukumu zake za tarehe 9 Mei 1980: pendekezo humfunga mtoaji wake kwa nguvu ya utashi wake mwenyewe, kwa muda wote aliouweka, au kwa muda wa kiasi iwapo hakuuweka. Hukumu hizo zilitolewa miaka 20 baada ya uhuru wa Kongo, hivyo haziwalazimishi mahakimu wa Kongo. Husomwa kama mawazo yenye uzito.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mwenye duka wa Barumbu ana kifungu cha sheria cha kumwonyesha hakimu. Mkulima wa mpunga, ambaye tajiri wa mjini amemwahidi kumuuzia magunia matupu na mbegu kwa bei maalumu mpaka mwisho wa mavuno, anategemea maoni ya wanazuoni. Zaidi ya hayo, amri ya 1888 hudai ushahidi wa maandishi kwa mali inayozidi thamani fulani, ambapo wafanyabiashara wamesamehewa sharti hilo baina yao. Mtu mwenye karatasi chache zaidi ndiye anayetakiwa kuonyesha karatasi.

6.0 Mataifa mengine

Ulinganisho na nchi nyingine unaonyesha kwamba jibu la OHADA si la lazima kimantiki, ni uchaguzi.

Uingereza ilichagua njia nyingine kabisa. Katika kesi ya Dickinson dhidi ya Dodds (1876) mwenye nyumba alimwandikia mnunuzi kwamba pendekezo lake lingedumu mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi, kisha akaiuza nyumba kwa mtu mwingine siku ya Alhamisi. Mahakama iliamua kwamba ahadi ya kungoja mpaka Ijumaa haikumfunga, kwa kuwa mnunuzi hakuwa ametoa kitu chochote chenye thamani kwa ajili ya ahadi hiyo. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven (1880), mahakama iliweka mpaka wa uhuru huo. Wauzaji wa Cardiff walipeleka pendekezo la kuuza makasha 1,000 ya mabati New York tarehe 1 Oktoba 1879, wakalitengua kwa barua ya tarehe 8. Pendekezo lilifika tarehe 11, na wanunuzi wakalikubali siku hiyohiyo kwa simu ya maandishi. Barua ya kutengua ilifika tarehe 20. Ilihukumiwa kwamba kutengua hakuna nguvu mpaka habari imfikie mlengwa; mkataba ulikwisha kufungwa. Bahari ya Atlantiki ilikuwa ikifanya kazi ileile ambayo mto Kongo huifanya baina ya Kisangani na Barumbu.

Tanzania inafuata njia hiyohiyo kupitia Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345, na ambayo asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Pendekezo laweza kutenguliwa wakati wowote kabla jibu la kukubali halijawekwa katika njia ya kupelekwa, mahali ambapo mkubali hawezi tena kulizuia. Kwa sheria hiyo mwenye duka wetu angeshindwa, hata kama barua ilitaja Jumatatu inayofuata, maadamu hakuwa amelipia ahadi hiyo. Na hata kama angejibu mapema, angeulizwa jibu alimpa nani: akimkabidhi mtumishi wake mwenyewe, bado angeweza kumwita arudi.

Marekani ilirekebisha ukali huo kwa ajili ya wafanyabiashara peke yao. Kanuni ya Pamoja ya Biashara, ambayo sehemu yake ya mauzo imekubaliwa na majimbo yote isipokuwa Louisiana, inasema kwamba mfanyabiashara aliyetia saini maandishi yenye ahadi ya kutoliondoa pendekezo lake hawezi kulitengua kwa muda uliotajwa, au kwa muda wa kiasi kama haukutajwa, ingawa hakulipwa kitu. Muda huo hauwezi kuzidi miezi mitatu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mauzo ya Bidhaa ya Kimataifa, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980 na ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1992, unafanana na sheria ya OHADA kwa sababu ndio uliokuwa kielelezo chake. Mkataba huo unaongeza ulinzi mmoja: pendekezo halitenguliki pia pale ambapo mlengwa alikuwa na haki ya kuliamini na akatenda kwa kulitegemea, kama vile kukodi ghala.

Fikihi nayo ina historia katika bonde hili. Kiswahili kilifika Kisangani pamoja na wafanyabiashara wa misafara katika nusu ya pili ya karne ya 19. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani huipa uzito majlisi, yaani kikao cha wanaopatana: mtoaji wa ijabu aweza kuirudisha kabla ya kabuli, na hata baada ya kabuli kila mmoja ana khiyari ya kujitoa mpaka watakapoachana. Ni kanuni ya watu walioketi pamoja, na haiba yake ni ya soko, si ya mto.

7.0 Arubuni

Njia ambayo watu wengi huitumaini ili kumfunga muuzaji ni kutanguliza fedha kidogo, yaani arubuni. Neno hili lina ukoo wa ajabu. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu. Kifaransa kina neno arrhes, lililopitia Kiyunani na Kilatini. Na yote mawili yanarudi kwenye shina moja la lugha za Kisemiti. Hata hivyo kufanana kwa maneno hakuleti kufanana kwa matarajio. Mnunuzi anayetoa arubuni hudhani amemfunga muuzaji. Kanuni ya mwaka 1804 ilisema kinyume: penye ahadi ya mauzo iliyoambatana na arubuni, kila mmoja yu huru kujitoa, aliyeitoa kwa kuipoteza na aliyeipokea kwa kurudisha mara mbili. Kwa maana hiyo arubuni ni bei ya kujitoa, wala si kufuli. Anayetaka kufuli aandike kwamba fedha hizo ni sehemu ya bei.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba chini ya sheria inayotumika leo nchini Kongo baina ya wafanyabiashara, pendekezo la kuuza hutenguliwa kwa uhuru mpaka jibu la kukubali litakapoondoka, isipokuwa mtoaji amesema halitenguliki au ameweka muda. Uzito wote umo katika maneno machache. Muuzaji asiyetaka kufungwa ataje kwamba bei inaweza kubadilika bila taarifa, wala asiweke tarehe kwa ajili ya adabu tu. Mnunuzi anayetaka usalama aombe tarehe, na aiombe kwa maandishi. Mkulima, ambaye sheria hiyo haimfikii, ana sababu kubwa kuliko wote ya kuitaka karatasi hiyo.

Kwa upande wa lugha, kazi iliyobaki ni kuyafanya maneno haya yajulikane gatini kama yanavyojulikana mahakamani. Mtu anayeandika "nangoja jibu lako mpaka Jumatatu" huenda hufikiri anaeleza subira yake. Kwa sheria ametoa haki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe halina faida iwapo mwandishi na msomaji hawalisomi kwa maana moja.